Johnnie Walker Red Label: inavyoonjwa na kuchanganywa kwenye joto la Tanga

Red Label, wiski ya kuchanganywa ya Uskoti (Skochi), haikutengenezwa inywewe kavu, bila maji wala barafu. Anayeihukumu kwa kuimeza ya moto mchana wa Januari, kaskazi inavuma na shati limelowa, anaionea. Tunaanza na hilo kwa sababu malalamiko karibu yote yanayosikika kwenye grosari za Tanga kuhusu chupa hii, kwamba inachoma, kwamba ina pilipili, kwamba "siyo kama Black", yaani Black Label ya Johnnie Walker hiyohiyo, yanatokana na toti iliyoshushwa rafuni na kumezwa kwa mkupuo mmoja. Ikinywewa hivyo tunaipa alama 5 kwa 10. Ikipozwa, ikapewa maji yake na kipande cha ganda la chungwa la Muheza, inafika 8.

Joto ndilo linaloharibu kwanza. Wiski hunywewa kwa joto la chumba, lakini chumba kinachokusudiwa ni cha Uskoti, nyuzi 18 hadi 20 hivi. Chumba cha Ngamiani saa nane alasiri kinafika nyuzi 31 au 32. Kwenye joto hilo spiriti, yaani kilevi chenyewe, hupanda kwa wingi kutoka kwenye glasi, inaichoma pua, na harufu nyembamba za matunda na mbao zinafunikwa zote. Iweke chupa kwenye friji nusu saa kabla ya kuonja. Usiiweke kwenye friza: ikipoa mno harufu zinalala, ulimi unakufa ganzi, na utaisifia kwa ulaini ambao ni ubaridi tu.

Glasi pana ya juisi inatawanya harufu. Inayotakiwa ni ile yenye tumbo na mdomo uliobana, kama glasi ndogo ya mvinyo. Kama haipo, istikani ya chai yenye kiuno inafanya kazi vizuri kuliko watu wanavyodhani, mradi haina harufu ya iliki wala sabuni yenye manukato. Isuuze kwa maji ya moto, iache ikauke yenyewe. Kitambaa cha jikoni kinaacha mafuta na harufu ya kitunguu. Chumba nacho kiwe hakijafukizwa udi. Usionje baada ya sigara, kahawa chungu au kachumbari ya pilipili. Kipande cha mkate mkavu na maji vinatosha kusafisha kinywa.

Mimina mililita 30, uiache itulie dakika 5. Sogeza pua juu ya ukingo wa glasi, mdomo ukiwa wazi kidogo, uvute taratibu. Ukiizamisha pua ndani utanusa spiriti peke yake. Funda la kwanza liwe dogo, la kuuzoesha ulimi tu, usilihukumu. La pili lizungushe kinywani kwa sekunde 10, umeze, halafu hesabu ladha inakaa muda gani kabla haijakatika. Baada ya hapo ongeza maji kijiko kimoja cha chai, ambacho ni mililita 5, unuse na kuonja upya, na uendelee hivyo kijiko kwa kijiko. Vijiko viwili vinaishusha wiski ya asilimia 40 hadi 30. Ukitia maji sawa na wiski unafika asilimia 20, na hapo ndipo wachanganyaji wa Uskoti wanaponusia sampuli zao. Kwa hiyo asikutishe mtu kwamba maji yanaharibu wiski.

Maji yenyewe ndiyo yanayoweza kuharibu. Maji ya bomba ya Tanga yanatoka bwawa la Mabayani kwenye Mto Zigi na yanatiwa klorini, na klorini kidogo tu inageuza harufu ya matunda ikawa ya dawa. Yachemshe dakika kadhaa, uyaache wazi yapoe, au tumia ya chupa. Maji ya kisima cha karibu na bahari yana chumvi. Hayafai kabisa kwa kazi hii.

Sasa ladha. Ikiwa kavu na imepozwa, kinachotangulia puani ni peasi la Lushoto ambalo halijaiva sawasawa, lile gumu ambalo ukiling'ata linatoa maji yenye ukijani. Nyuma yake kuna utamu wa nafaka iliyobanikwa, kisha spiriti changa inayojitokeza waziwazi. Mdomoni utamu unaingia haraka, asali nyepesi na vanila kidogo, na papo hapo inafuata pilipili manga na mdalasini. Anayejua viungo vya Amani ataitambua pilipili hiyo: inauma ncha na pembe za ulimi, haichomi koo. Halafu katikati pamepwaya. Hapo ambapo ungetegemea ladha ijae na kutulia, inakuwa nyembamba ghafla, kama mchuzi uliozidi maji. Mwisho wake ni mfupi. Hesabu hadi 8, na kilichobaki ni moshi mwembamba, kama wa moto wa vifuu uliozimika nusu saa iliyopita.

Ule upwaya wa katikati na ile pilipili vina chanzo kimoja. Wiski ya kuchanganywa ina wiski za namna mbili ndani yake. Ya kwanza ni ya kimea: shayiri inaloweshwa, inaota, inakaushwa, kama kinavyofanywa kimea cha togwa, kisha inachachushwa na kukenekwa (kuchemshwa na mvuke wake kupozwa) katika vyungu vya shaba, kwa kawaida mara mbili. Hiyo ni nzito na yenye harufu nyingi. Ya pili ni ya nafaka, mara nyingi ngano au mahindi, inayokenekwa mfululizo katika mitambo mirefu kama minara. Hiyo ni nyepesi, ina utamu kidogo, na gharama yake ni ndogo. Bei ya chupa inafuata kiasi cha kimea kilichomo na miaka ambayo wiski imelala kwenye pipa. Red Label haitaji umri wowote kwenye lebo, maana yake ni kwamba sheria ya Skochi inaibana kwenye kiwango cha chini tu, miaka 3. Spiriti changa ya nafaka inauma kwa sababu mbao hazijapata muda wa kuituliza. Black Label imeandikwa miaka 12, na miaka hiyo ni ya wiski changa kuliko zote zilizomo; zilizobaki zina 12 au zaidi.

Sheria hiyo ya Skochi, ya mwaka 2009, ni kali na inamlinda mnunuzi wa Tanga kama inavyomlinda wa Glasgow. Wiski ikenekwe na kukomazwa Uskoti, kwenye mapipa ya mwaloni yasiyozidi lita 700, isiuzwe chini ya asilimia 40, na isitiwe kitu kingine isipokuwa maji na rangi ya karameli. Karameli inaruhusiwa, kwa hiyo rangi haikuelezi umri. Mtu anayeiinua chupa kwenye taa na kusema "hii imekolea, ni ya zamani" anasoma rangi iliyotiwa.

Moshi nao una asili yake. Uskoti wanachimba mboji, udongo mweusi wa mimea iliyooza kwa karne nyingi kwenye maji, wanaukata kama matofali, wanaukausha na kuuchoma chini ya kimea. Moshi wake unanata kwenye shayiri na hautoki tena. Wiski zenye moshi zaidi zinatoka kisiwa cha Islay, na ukinusa vizuri utapata ndani ya moshi huo harufu ya mwani unaokaukia juani. Katika Red Label moshi ni wa kugusia tu. Ukitaka kuuona ongeza maji. Chembe inayobeba harufu hiyo, gwayakoli, hushikwa na spiriti inapokuwa kali. Ikipunguzwa makali, chembe zinapanda juu ya glasi ambako pua inazikuta. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Linnaeus cha Uswidi walilieleza hilo mwaka 2017 kwa hesabu za kompyuta, lakini kijiko chako cha chai kinatosha kukuthibitishia. Kwenye vijiko vitatu vya maji peasi linaiva, pilipili inarudi nyuma, moshi unakuja mbele. Kwenye vijiko sita inabaki nzuri kunusa lakini kinywani imekwisha.

Kwa mchana wa Tanga kinywaji chake hasa ni soda isiyo na sukari, yaani maji matupu yenye gesi. Chukua glasi ndefu, uijaze barafu hadi juu. Mimina wiski mililita 45, koroga mara kumi ili wiski na glasi vipoe pamoja, ongeza barafu iliyopungua, kisha teremsha soda mililita 120 ubavuni mwa glasi. Inua kijiko mara moja kutoka chini, basi. Ukikoroga baada ya soda unafukuza gesi, na gesi ndiyo inayobeba harufu hadi puani. Soda iwe imetoka friji ikiwa baridi kweli, kwa sababu gesi haikai kwenye kimiminika cha moto. Soda ya rafuni inatoa povu moja kubwa na baada ya dakika mbili una maji. Uwiano huu ni kama moja kwa mbili na nusu. Wapo wanaofika moja kwa nne, na hapo Red Label inapotea, maana haina mwili wa kustahimili.

Chungwa la Muheza linamalizia. Huku kwetu chungwa huiva likiwa bado la kijani, kwa kuwa usiku hauna baridi ya kuligeuza rangi, basi usililaumu ganda. Lioshe vumbi la barabarani. Kata kipande cha urefu wa kidole gumba kwa kisu kikali, ukiacha ule weupe wa ndani kwenye chungwa, maana ndio unaoleta uchungu. Kikunje juu ya glasi upande wa kijani ukitazama chini. Utaona mvuke mwembamba wa mafuta ukitua juu ya barafu. Mafuta hayo yanakutana na mdalasini wa wiski na kuziba lile pengo la katikati, jambo ambalo maji ya chungwa hayafanyi. Juisi inaleta asidi na sukari na kuvuruga kila kitu.

Dafu ni mshirika wa pili, na hapa Tanga tuna bahati ambayo mnywaji wa London hana. Lakini liwe dafu kweli. Kitale maji yake yana ukakasi, na koroma limeanza kuwa na ladha ya nazi yenye mafuta inayogombana na moshi. Lipoze zima kabla ya kulifungua. Likishafunguliwa litumie ndani ya saa chache, kwa sababu kwenye joto hili maji ya dafu huanza kuchacha haraka, na uchachu huo ukikutana na wiski unatoa harufu ya mkate ulioharibika. Wiski 45, maji ya dafu 120, matone matatu ya ndimu, barafu kidogo. Chumvi ya asili ya dafu inapunguza uchungu wa mbao na utamu wake hauzidi. Kwa kinywaji hiki tunaipa Red Label 8 na nusu, alama kubwa kuliko nyingine zote humu.

Stoney Tangawizi inakubalika. Tangawizi na pilipili ya wiski ni ndugu. Sukari ndiyo inayozidi, kwa hiyo kamua nusu ya ndimu na usivuke moja kwa mbili. Kola hatuishauri. Inafunika kila ulichokilipia. Anayetaka kola anunue pombe kali ya bei ya chini zaidi, hatakosa chochote.

Barafu inastahili aya yake, maana ndiyo inayoharibu glasi nyingi mjini humu kimyakimya. Barafu inanyonya harufu. Iliyogandishwa kwenye friza moja na changu na kibua itakuletea samaki kwenye wiski kila inapoyeyuka. Gandisha kwenye kibakuli chenye mfuniko, maji yaliyochemshwa, kisha vunja mapande makubwa. Pande kubwa linayeyuka polepole. Barafu ndogondogo zinakupa maji mengi ndani ya dakika tano. Barafu ya magunia inayohifadhia samaki isiguse glasi kamwe.

Kwa chakula, ipe mafuta na moshi. Kibua wa kukaanga, muhogo wa kukaanga wenye chumvi, mishikaki iliyochomwa bila pilipili. Pilipili iache kando: spiriti inaamsha neva zilezile zinazosikia moto wa pilipili, na viwili hivyo kwa pamoja vinazidishana mpaka husikii ladha nyingine. Samaki wa kupaka ni mzito mno kwa wiski hii; nazi inafunika ulimi na kinachobaki ni ukali.

Kuhusu ununuzi, soma lebo kwanza. Maneno yanayotakiwa ni "Blended Scotch Whisky", pamoja na asilimia 40. Kuna chupa za masoko mengine, Afrika Kusini kwa mfano, zenye 43, na hizo zinahitaji maji zaidi kidogo. Chupa iliyoandikwa "whisky" bila neno "Scotch" ni kinywaji kingine, hata kikiwa na picha ya mlima na mbwa. Halafu tazama stempu ya kielektroniki ya TRA, mfumo ulioanza 2019. Iskani kwa programu ya Hakiki Stempu hapohapo dukani kabla hujalipa. Tanga iko karibu na mpaka wa Horohoro na bidhaa za njia za panya zipo. Chupa isiyo na stempu huna wa kumuuliza ikiharibika. Kagua muhuri wa kifuniko kama hauzunguki wenyewe, lebo kama gundi yake haijavimba, namba ya toleo iliyochapwa kwenye kioo kama haijakwanguliwa, na kimo cha wiski kama kinalingana na cha chupa za jirani zake rafuni. Igeuze kichwa chini: kusiwe na mashapo wala nyuzinyuzi zinazoelea.

Chupa ya kughushi yenye bahati nzuri ni spiriti tupu na karameli. Ile mbaya ina methanoli, na methanoli haigunduliki kwa harufu wala kwa ulimi. Dalili zake zinaweza kuchelewa saa 12 hadi 24: kichwa kuuma, kutapika, macho kuona ukungu. Mtu akianza kuona ukungu baada ya kunywa apelekwe hospitali saa hiyohiyo, asilazwe "apumzike pombe itoke". Na chupa tupu ukimaliza, vunja muhuri na kwangua lebo kabla ya kuitupa, kwa sababu chupa nzima ndiyo mali ghafi ya wanaojaza upya.

Bei inabadilika duka hadi duka, kwa hiyo piga hesabu kwa toti. Chupa ya mililita 750 ina toti 25 za mililita 30, au 30 za mililita 25. Gawa bei ya duka kwa 25, ulinganishe na toti ya baa, na muulize mhudumu kipimo chake ni kipi. Baa mbili zinazotoza sawa zinaweza kuwa zinamimina tofauti. Ya lita moja mara nyingi inapunguza gharama ya toti. Ya mililita 200 inagharimu zaidi kwa toti, ila ndiyo ya kununua kwa anayeonja mara ya kwanza.

Mshindani wake wa karibu ni Grant's Triple Wood, chupa ya pembe tatu. Hiyo ni tamu na laini zaidi, vanila nyingi, moshi kidogo mno, na ikinywewa kavu inaishinda Red Label waziwazi. Ikitiwa soda inalegea, wakati Red inabaki na makali yake. Black Label ni ngazi nyingine: matunda makavu, moshi uliojaa, mwisho mrefu. Anayekunywa kavu na anakunywa mara chache ajibane anunue hiyo. Anayekaribisha watu sita Jumamosi, na soda na madafu vipo, hana sababu ya kuimwaga Black kwenye barafu.

Ikifunguliwa, chupa isimame wima kabatini, mbali na dirisha na mbali na jiko; kwenye gari lililoegeshwa juani isikae hata saa moja. Ikiwa juu ya nusu haina haraka. Ikishuka chini ya robo hewa iliyomo ni nyingi kuliko wiski, na kwa joto letu ndani ya miezi miwili au mitatu peasi linaondoka na kinabaki kitu kama karatasi iliyolowa. Ihamishie kwenye chupa ndogo ya kioo iliyokauka vizuri, uijaze hadi shingoni, au ita jirani siku ya madafu.